Siku Nilipoupeleka Ungo wa Bibi Mkutanoni

Wenzangu, kuna aibu ambazo mtu anazisahau, na kuna ile ambayo ukipita sokoni Majengo mama wa watu anaweka kapu lake chini, anakushika mkono, halafu anakuuliza kwa upole kabisa, kama anayeulizia habari za mgonjwa, ungo haujambo? Mimi yangu ni hiyo ya pili. Na kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka (nimesikia eti nilionekana juu ya paa la ghala, uongo mtupu, mimi hata ngazi ya kupandishia magunia naiogopa), nimeona bora niisimulie mwenyewe, yote, pamoja na pale nilipojimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe kwenye maiki.

Kwanza niwaambie kazi yangu, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu mapema mno. Jina langu Winfrida, ni mhandisi, mtaani kwetu Mshangano wananiita Injinia, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, na siku hizo nilikuwa mwaka wa tatu wa utafiti wangu wa chuo kuhusu antena na umeme unaosafiri bila waya. Msikunje nyuso, jambo lenyewe ni jepesi. Unachukua waya wa shaba unauzungusha duara mara kadhaa, unaupitishia umeme unaogeuka geuka haraka sana, halafu hatua moja mbele yake unaweka duara jingine la waya ambalo halijaunganishwa na kitu chochote, na kama maduara hayo mawili yamepatanishwa vizuri, jinsi redio inavyopatanishwa na stesheni yake, umeme unavuka pale katikati hewani, taa inawaka. Ndiyo hivyo tu. Miaka mitatu nimeitumia kwenye hiyo "ndiyo hivyo tu".

Na sikuwa nautaka umeme huo kwa mapambo. Sisi ni watu wa mahindi, na shida ya ghala la mahindi ni katikati ya rundo. Katibu wa ghala anapita na bambo, kile kichuma chembamba cha kuchomea gunia, anachoma magunia ya pembeni, anamwaga punje kiganjani, anaing'ata moja, anatikisa kichwa kwamba ni kavu, kazi imeisha. Ya katikati anayajua Mungu. Ukiweka kipimo chenye betri humo ndani, siku betri ikifa utapangua rundo zima kwa ajili ya kuibadilisha. Vipimo vyangu mimi, nilivyoviita vitambuzi, havikuwa na betri kabisa. Vinalala katikati ya magunia msimu mzima, ukisogeza antena kwenye rundo vinapata umeme kidogo, vinaamka, vinakwambia joto na unyevu, ukiondoka vinalala tena. Mnaona uzuri wake? Mimi niliuona mpaka nikawa nauota.

Sasa, ghala lenyewe lilikuwa la chama cha ushirika cha pale pale Mshangano, na uongozi ulikuwa umeniruhusu kuchomeka vitambuzi sita wakati magunia yanapangwa, kama majaribio, ila ruhusa ya msimu mzima ilipaswa itoke kwa wanachama wenyewe kwenye mkutano wa Jumamosi, saa nne asubuhi. Wakikubali, nina mahali pa kupimia na shahada yangu naimaliza. Wakikataa, chuo kilishaniambia wazi nitafute mada nyingine, yaani miaka yote mitatu naifunga kwenye mfuko naanza sifuri. Msimamizi wangu, Dokta Msuya, akasafiri mpaka Songea kuja kushuhudia kwa macho yake, na yule si mtu wa kusafiri kwa ajili ya utani.

Nilikuwa nimefikia kwa Bibi Kresensia, mama yake mama, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Mjane, anaishi peke yake, nyumba yake na ghala ni mwendo wa dakika kumi, na mwenyewe ni mwanachama wa siku nyingi, kwa hiyo asubuhi ile alishaondoka na wenzake kwenda kupika chakula cha mkutano. Antena yangu kubwa, ya kurushia umeme, niliisuka wiki mbili nzima juu ya duara la bomba la plastiki, na ili isipate vumbi nikawa nimeilaza kwenye kochi nikaifunika kitenge. Dokta akafika. Nikamwambia karibu Dokta, keti, nakuletea chai, na Dokta (ni mtu mwenye mwili, Mungu azidi kumpa) akaketi.

Mlio niliusikia nikiwa jikoni. Niliomba liwe kochi. Nikarudi na kikombe nikamkuta ametulia anasoma simu, huo mlio ama hakuusikia ama ameamua kutousikia, na mimi ningemwambia nini, inuka Dokta umekalia shahada yangu? Nikamsubiri anywe, akamwaga nusu ya chai kwenye kitenge, akaomba radhi, alipotoka nje kupokea simu nikainua kitenge nikakuta duara limekatika vipande vinne. Waya ulikuwa mzima, kisanduku cha kurushia umeme kilikuwa kizima, betri ilikuwa nzima. Nilichokosa ni kitu cha kuzungushia waya, kiwe cha mviringo, chepesi, kikavu, kisicho na chuma hata kidogo, na saa imeshafika mbili na nusu. Nikageuka huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Kwenye ukuta wa jikoni kwa Bibi ulikuwa umening'inia ungo.

Hapa mtanicheka na mna haki. Nimezaliwa Songea, nimekulia Mshangano, habari za ungo nimezisikia tangu sijaota meno, kwamba wale watu wenye mambo yao ya usiku ndio usafiri wao, na hakuna mtoto wa mtaa wetu asiyejua kuwa ungo ni wa kupepetea uani kwako, jua likiwaka, kila mtu akikuona, si wa kubebwa barabarani umefunikwa funikwa. Yote hayo nayajua. Lakini asubuhi ile kichwa changu kilikuwa na kipenyo tu, nilichokiona ukutani pale ni duara safi la sentimita hamsini na tano, jepesi kuliko bomba langu, tena limesukwa vizuri kiasi kwamba waya ungepita kwenye njia zake bila kuhama. Nikafurahi. Nilifurahi kweli, nikajiambia Winfrida wewe una akili.

Nikafikiria nimpigie Bibi nimwombe. Nikakumbuka simu yake huwa anaiacha kabatini. Nikafikiria nikimbie ghalani nimwombe, dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Nikasema aa, nitamwambia baadaye, ungo tu, nani atanyimana ungo? Kosa langu ni hilo, moja, dogo, na mengine yote yalizaliwa hapo. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikaushona ule waya wa shaba kwenye ungo kwa uzi wa magunia, mizunguko kumi na minne, mwekundu unang'aa, unajizungusha kutoka pembeni kuelekea katikati. Na kwa kuwa kitenge kilikuwa kimelowa chai, nikaufunga ungo kwenye kitambaa safi cha kwanza nilichokiona kwenye kamba ya Bibi. Kilikuwa kaniki. Nyeusi tii.

Njiani Dokta alitangulia na kisanduku, mimi nafuata na furushi langu la mviringo jeusi, na kila mzee niliyemwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku macho yake yako kwenye furushi. Mimi nikadhani wanastaajabia mtoto wao amerudi na Dokta.

Ghalani watu walishajaa, wanaume kwenye mabenchi, akina mama wengi kwenye mikeka na magunia matupu, rundo la mahindi nyuma yao limefika karibu na paa. Mezani alikuwapo mwenyekiti, Mzee Kasian, mtu mpole anayefikiri kabla hajakohoa, na pembeni yake katibu wa ghala, Bwana Fidelis, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni, ambaye tangu siku ya kwanza aliamini kwamba mimi nimekuja kusema yeye hafanyi kazi yake. Kwenye kona alikaa Mzee Saidi, fundi redio wa Majengo, mwenyeji wa Tunduru, kofia yake nyeupe, aliyekodiwa yeye na spika zake mbili kubwa, moja ndani na moja imetazama barabarani ili waliochelewa nao wasikie. Tukasali, ajenda zikasomwa, nikaitwa.

Nikafungua kaniki.

Ukimya ulioingia mle ndani mimi niliutafsiri kuwa ni heshima kwa sayansi. Nikautundika ungo kifuani, waya umechomekwa kwenye kisanduku, nikaeleza maneno mawili matatu, nikawaonyesha taa yangu ndogo yenye kiduara chake cha waya, nikaiweka peke yake mbele ya Bwana Fidelis, nikarudi nyuma, nikawasha. Taa ikawaka. Hatua nzima kutoka nilipo, haijashikwa na mtu, haina waya, haina betri, inawaka. Na sekunde ile ile, spika zote mbili zikaguna.

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mawimbi ya antena yangu yaliingia kwenye waya za Mzee Saidi, na waya ndefu zisizo na kinga ndivyo zinavyofanya, fundi yeyote anajua. Lakini wanachama wa ushirika hawakuwa mafundi. Walichokiona ni msichana aliyesimama na ungo wenye mistari myekundu, akiuinua spika zinaguna kwa sauti nzito, akiushusha zinapunguza (na mimi kwa ujinga wangu nikawa nauinua na kuushusha, nikijaribu kupata pembe nzuri). Benchi la kwanza likaanguka. Mama mmoja akatoa rozari. Wazee watatu, tena wale wanaotembelea fimbo, walikuwa nje kabla fimbo zao hazijafika mlangoni. Mzee Saidi alikuwa anapiga piga mashine yake akiisihi kwa Kiyao.

Nikazima. Na badala ya kukaa kimya kama mtu mwenye busara, nikachukua maiki niwatulize watu.

"Msiogope wazee wangu," nikasema, na spika zikalipeleka neno langu mpaka barabarani. "Huu ni ungo wa bibi yangu tu. Bibi Kresensia, si huyo hapo nyuma."

Vichwa vyote vikageuka. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na wapishi wenzake, mwiko bado mkononi. Na katikati ya akina mama, jirani yetu Mama Tasi, ambaye chumvi yake na yetu ni moja, akasema neno moja tu, taratibu.

"Kumbe."

Jamani, nimefeli mitihani, nimeshawahi kuanguka kwenye tope mbele ya kwaya nzima, lakini mwili wangu haujawahi kupoa kama ulivyopoa kwa hiyo "kumbe". Kwa sababu hapo ndipo akili ilinirudia. Bibi ni mzee, ni mjane, anaishi peke yake, macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, na mimi mjukuu wake nimesimama mbele ya watu nimemtaja jina kwa spika mbili nikiwa nimeshika ungo. Mnajua maneno ya namna hiyo yakianza kwa mwanamke mzee yanaweza kuishia wapi. Niliogopa. Ruhusa ya ghala, shahada, Dokta, vyote vilinitoka kichwani, nikabaki namwangalia Bibi.

Bibi akaja mpaka katikati, polepole, watu wakimpisha zaidi ya inavyohitajika. Hakuniangalia. Aliwaangalia wao, uso kwa uso, mstari kwa mstari.

"Nani hapa," akasema, "ambaye harusi ya kwao sijaipepetea mchele kwa ungo huu?"

Akina mama kadhaa wakainamisha vichwa. Lakini hakuna aliyesogea karibu. Bwana Fidelis akasimama, akarekebisha kalamu, akapendekeza mkutano ufungwe, chombo kitolewe nje, maombi ya utafiti yakataliwe, na hilo suala la Bibi wazee walizungumze pembeni. Akalisema hivyo, pembeni, kana kwamba ni jambo dogo. Nikamwona Dokta anafunga daftari lake.

Mimi nina hasira, wanaonijua wanajua, na kwa kawaida hasira hiyo imenigharimu, lakini ya siku hiyo naishukuru. Nikauweka ungo mezani, nikachukua mkasi, nikaufumua waya mshono kwa mshono mbele yao, nikamkabidhi Bibi ungo wake mtupu nikamwomba akasimame nao nje mlangoni, mbali kabisa. Halafu nikawaambia kama nguvu ilikuwa ya ungo, basi bila ungo taa haitawaka. Nipeni kitu chochote chenu, chagueni wenyewe, na atakayezungusha waya asiwe mimi. Bwana Fidelis akatabasamu, akaenda kwa wapishi akarudi na beseni kubwa la plastiki, la kijani, la kuoshea mchele, bado linachuruzika maji.

Nani atazungusha? Watu wakaangaliana. Mzee Saidi akainuka kwenye kona yake, akavua viatu sijui kwa nini, akasema spika zake zimechafuliwa jina Songea nzima na yeye kesho anakula nini, akasema bismillahi, akaanza kazi. Aliuzungusha ule waya kwenye beseni mpaka ukaisha, ameubana kwa kamba za katani za magunia, kazi safi ya mtu aliyesokota koili za redio maisha yake yote. Tukawasha.

Taa haikuwaka.

"Si mmeona," akasema Bwana Fidelis, na safari hii hata Mzee Kasian alishusha macho. Nilisikia minong'ono inaanza tena kule nyuma, naisikia inaelekea mlangoni aliko Bibi. Nikaangalia waya, mzima. Nikaangalia betri, nzima. Nikaangalia beseni. Beseni lilikuwa pana kuliko ungo! Ndiyo maana. Duara likipanuka, stesheni inahama, na kisanduku changu kilikuwa bado kinatafuta pale pale pa zamani. Ningeweza kukishika mwenyewe nikarekebisha mara moja, mkono ulishanyooka, nikaurudisha.

"Mzee Saidi," nikamwambia, "hicho kitufe cha duara hapo juu. Tafuta stesheni."

Akanielewa papo hapo. Akakishika kile kitufe kwa vidole viwili, akainamisha sikio kwenye kisanduku kwa mazoea yake (kisanduku hakina sauti, ila sikumwambia), akakizungusha taratibu, kidogo, kidogo, akakipita, akarudi. Mezani taa ikatoa mwanga mwekundu hafifu. Akaongeza kidogo. Ikawaka nyeupe, kali, mpaka Bwana Fidelis akajikinga macho.

"Hapo," akasema Mzee Saidi. "Nimeipata."

Na spika zikaguna. Lakini sasa yeye mwenyewe akacheka, akazielekea, akawaonyesha watu waya zake zilivyolala sakafuni bila kinga, akaukunja mmoja spika ikanyamaza, akauachia ikaguna, akasema huyu mtoto ameniingilia kwenye redio tu, kama pikipiki inavyoingilia, kama asingeniingilia ndiyo ningeshangaa. Kicheko kikaanzia kwa akina mama kikapita ghala zima. Wazee watatu wakarudi kuchukua fimbo zao wakajifanya walitoka kupunga hewa.

Mimi sikucheka bado. Nikalibeba lile beseni na Mzee Saidi mpaka kwenye rundo, tukaliegemeza kwenye magunia, nikafungua kompyuta yangu mbele ya mwenyekiti ili asome pamoja nami. Kitambuzi cha kwanza kikaamka, joto la kawaida, unyevu wa kawaida. Cha pili hivyo hivyo. Tukasogeza beseni, cha tatu, cha nne, cha tano, vyote vizuri, kila kimoja kinaamka humo gizani bila kuguswa na mtu, na mimi kifua kinapanda. Cha sita, cha katikati kabisa, kikaleta namba nisizozitaka. Joto juu. Unyevu juu zaidi. Nikadhani kimeharibika. Nikawa nataka kufunga kompyuta niseme vitano vinatosha, ndiyo, nakiri, nilitaka kufanya hivyo.

"Soma ulichokiona," akasema Dokta Msuya nyuma yangu, na hilo ndilo neno la kwanza alilolisema mkutano mzima.

Nikasoma kwa sauti. Bwana Fidelis akasema haiwezekani, juzi tu amepita na bambo na yote ni makavu. Mzee Kasian akafikiri, akakohoa, akasema pangueni. Vijana na wazee wakavua mashati, magunia yakaanza kushuka, ya juu makavu, ya pembeni makavu, na Bwana Fidelis anachoma kila moja na kumwonyesha kila mtu kiganja. Kisha ikaja harufu. Kila mtu wa Songea anaijua harufu ya mahindi yaliyoanza kuwa komoni, ile pombe yetu. Gunia la katikati lilipoinuliwa lilitoa mvuke, na lilipofunguliwa punje zilikuwa zimeota, nyeupe na kijani, zimeshikana bonge. Mtu akatazama juu. Palikuwa na tundu kwenye bati, dogo la msumari, jua linapita kama uzi.

Magunia mabovu yalikuwa machache. Yaliyoyazunguka yalikuwa yameanza kupata joto tu, yangeanikwa yakapona, lakini yangekaa hivyo mwezi mmoja zaidi rundo lote lingeoza, na humo ndani ndimo kulikuwa na mavuno ya kila aliyekuwa amesimama pale. Bwana Fidelis akaingiza mkono wake wote ndani ya lile gunia mpaka kwenye kiwiko, shati lililonyooka na vyote.

"Bambo langu lisingefika hapa," akasema.

Basi nawaambia, vigelegele nilivyopigiwa siku hiyo hata siku ya harusi yangu, kama itakuja, sidhani nitavipata. Watu wakaanza kunyoosha mikono kabla hata hawajaulizwa, lakini Mzee Kasian akawazuia, akasema mikono ishuke kwanza, kuna jambo linatangulia. Akachukua maiki. Akasema jina la mtu lilitoka humu ndani kwa spika hizi, kwa hiyo na hili litatoka kwa spika hizi hizi. Akamwita Bibi aingie.

"Shikamoo, mama," akasema kwenye maiki, ikasikika mpaka barabarani. "Tumekukosea. Tunaomba utusamehe."

Bibi akamwacha asubiri kidogo, halafu akaitikia marahaba. Bwana Fidelis naye akaja, hakuchukua maiki, akapiga goti kidogo mbele yake, sikusikia alichosema na sikuuliza. Ndipo mikono ikanyooshwa, yote, hadi ya wapishi, na ghala likawa langu msimu mzima. Dokta akanishika bega akaniambia sura ya nne ya utafiti nimeshaipata, niiandike kama ilivyotokea, na ungo nisiuache nje. Nikalia machozi mbele ya mwalimu wangu, na sioni haya kulisema hilo.

Kurudi nyumbani nilitaka tupite njia ya nyuma ya mashamba. Bibi akakataa. Akajitwika ungo wake kichwani, mtupu, na matundu ya sindano yangu yakiwa wazi, akashika barabara kubwa, katikati, saa nane mchana, mimi nyuma yake na betri na beseni. Kila nyumba alisimama mpaka asalimiwe. Na mimi njia nzima nikawa nahesabu makosa yangu, kwamba sitachukua tena kitu cha mtu kwa "nitamwambia baadaye", hata kijiko, hata kiberiti, na maiki nikipewa nitasema asante na kuketi.

Nyumba ya mwisho kabla ya kwetu ni ya Mama Tasi. Alikuwa ametutangulia, amesimama uani kwake na debe la mchele, hajui mikono aiweke wapi. Akamwamkia Bibi mara mbili. Halafu akasema mchele wake una chuya nyingi, na kama Bibi hatajali, anaomba aazimwe ungo.

Bibi akaushusha kichwani, akapitisha kidole kwenye yale matundu, akaniangalia mimi, si yeye.

"Anayeniomba," akasema, "sijawahi kumnyima."

Akampa. Mama Tasi akaupokea kwa mikono miwili, akaketi pale pale uani, jua linawaka, akaanza kupepeta.